Do haikai kwenye D

Kila Jumamosi saa kumi jioni nakuwa kibarazani kwa Mwalimu, hapa Mwanza, upande wa nyuma wa nyumba ambako mwamba mkubwa unakinga jua. Kompyuta mpakato naiweka juu ya stuli. Pembeni yake kuna bahasha ya kaki yenye nyimbo 43 alizotunga tangu alipoanza kufundisha kwaya ya kigango mwaka 1974. Zote ziko kwenye solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi. Nyingine aliziandika kwa kalamu ya wino, nyingine kwa taipureta juu ya stensili, zikadurufiwa na kudurufiwa tena mpaka herufi zikafifia. Macho ya Mwalimu hayasomi tena maandishi madogo, lakini masikio yake yako vilevile. Mimi nasoma na kuchapa, kompyuta inaimba, yeye anasema ndiyo au siyo. Tumemaliza nyimbo 19.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunamwamsha nani?"

Ndivyo anavyouliza kila wiki, nami nataja jina la wimbo ulio juu ya bahasha.

Nimechapa nota za kwaya kwa miaka mingi, na nimezoea kusikia watu, hata wanakwaya wenzangu, wakiiita kazi hii kunakili. Karatasi iko kushoto, kibodi iko mbele, kilichobaki ni vidole. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokaa na mwenye nyimbo mwenyewe. Sasa najua kwamba programu ya nota humuuliza mchapaji maswali ambayo karatasi haikuwahi kuyajibu. Inataka kila nota iwe na urefu, kila mkazo wa sauti uwe na mahali pake, kila silabi iwe na nota yake. Kwaya ilikuwa na majibu hayo mwilini, kwenye miguu, pumzi na mkono wa Mwalimu. Mchapaji anayejibu kwa kubahatisha anatunga wimbo mwingine na kuuweka jina la mwenzake.

Nianze na herufi zenyewe, maana hapo ndipo vidole vyangu vilipoteseka kwanza.

Wengi wetu tuliolelewa kwenye kwaya za Tanzania na Kenya tulisoma muziki kwa d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulianzia Uingereza. Sarah Glover aliufundishia watoto mjini Norwich, kisha mchungaji John Curwen akauchukua kuanzia miaka ya 1840, akaurekebisha na kuusambaza kwa bidii mpaka ukapanda meli pamoja na wamisionari. Kuna watu wanaouona kama maandishi ya wasiojua muziki. Siwezi kukubaliana nao. Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya kule Johannesburg, aliutunga wimbo wake mwaka 1897 na kuuandika kwa solfa, na sauti hiyohiyo ndiyo tunayosimama wima kuiimba tukisema Mungu ibariki Afrika. Solfa ni njia kamili ya kuandika. Inaeleza uhusiano wa nota na nyumbani kwake, yaani do, na nyumbani huko kunaweza kuhama. Juu ya karatasi Mwalimu anaandika "Do ni G", na kama sauti ya kwanza wana mafua Jumapili hiyo, mpiga kinanda anaishusha hadi F bila kugusa hata herufi moja.

Kibodi ya kompyuta haijui kuhama. Kwenye MuseScore, programu ya nota ninayotumia sasa, unabonyeza N kuingia kwenye hali ya kuandika, kisha unabonyeza herufi za Kizungu, A mpaka G, na kila herufi inakaa palepale, haihami. Kwa wimbo wenye do kwenye G ilinibidi nisome "m" nifikirie B, nisome "l" nifikirie E, nisome "t" nibonyeze F huku nikiamini kwamba shapu, alama ya kupandisha nusu sauti, iliyowekwa mwanzoni mwa mistari itaifanya F shapu yenyewe. Inaifanya kweli. Lakini akili ilikuwa inatafsiri kila nota, na anayetafsiri kila neno hasikii wimbo.

Njia niliyoishia nayo ni hii. Nauandika wimbo wote kana kwamba do ni C, kisha mwishoni nachagua kila kitu na kuiambia programu ihamishe wimbo mzima kwenda G, au popote Mwalimu alipoandika. Kwa hiyo d ni C, r ni D, m ni E, f ni F, s ni G, l ni A, t ni B. Kati ya herufi saba za solfa, ni f peke yake inayokaa kwenye herufi yake ya kibodi. Wiki mbili za kwanza kila nilipoona "d" kidole kilikwenda D, na kompyuta ikaimba re. Mwalimu alikuwa akiinua kidole kimoja tu bila kusema neno. Nilijifunza kwa kidole hicho.

Jambo la pili ni mpangilio wa fikra. Kwa miaka mingi nilikuwa nachapa kwenye Finale, programu iliyoingia sokoni mwaka 1988 na ambayo sehemu kubwa ya nyimbo za kwaya zetu zimepitia mikononi mwake. Tarehe 26 Agosti 2024 waliokuwa wakiitengeneza walitangaza kwamba hawataiendeleza tena, baada ya miaka 35. Habari hiyo ilifika kwenye kundi letu la WhatsApp la wachapaji wa nota siku ileile, na nakumbuka ukimya wake. Wengine tulikuwa na mamia ya faili. MuseScore haikuwa na njia ya kuzifungua faili zangu za zamani moja kwa moja. Ilibidi nizitoe kwanza kwenye Finale kwa muundo wa MusicXML, ule ulioundwa ili programu za nota zisomane, halafu nizifungue upande wa pili na kurekebisha mpangilio wa ukurasa. Nota zilivuka salama, maneno yalivuka kwa sehemu kubwa, urembo wa ukurasa ulibaki nyuma. Yeyote anayesoma hapa na bado ana Finale inayowaka kwenye kompyuta yake, naomba atoe faili zake zote kwa MusicXML mwezi huu. Programu yenyewe ina amri ya kutoa folda nzima kwa mara moja.

Lakini nilikuwa nasema habari ya fikra. Kwenye Finale, kwa njia ile ya haraka niliyoipenda, ulikuwa unaanza na kimo cha nota, yaani unapeleka mshale kwenye mstari unaoutaka au unashika kitufe cha kinanda, ndipo unabonyeza namba ya urefu: 4 kwa nusu pigo, 5 kwa pigo moja, 6 kwa mapigo mawili. MuseScore inatumia namba hizohizo, jambo lililonifariji sana, kwa sababu kati ya programu nyingine za nota, Sibelius inaweka pigo moja kwenye 4 na Dorico inaliweka kwenye 6. Ila MuseScore niliyoanza nayo ilikuwa kinyume kwa utaratibu. Urefu kwanza, kimo baadaye. Unabonyeza 5, halafu ndipo C, D, E zinafuata zote zikiwa za pigo moja mpaka ubadilishe.

Inaonekana ni jambo dogo. Kwa mtu wa solfa si dogo. Mwandishi wa solfa huandika herufi, kisha anaipimia muda kwa alama zinazoizunguka: nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hulipasua pigo katikati, kistari huivuta sauti iendelee. Unajua unaimba nini kabla hujajua utakaa nayo kwa muda gani. MuseScore iliniambia nijue muda kabla sijajua sauti, na nilichukua kama miezi miwili mpaka ubongo ukageuka. Matoleo ya karibuni yameleta njia ya kuanza na kimo, ikiwalenga hasa waliotoka Finale. Nimeijaribu, na nimebaki na ile ya urefu kwanza, kwa sababu imenilazimisha kuangalia kitu ambacho siku zote nilikiruka.

Kitu hicho ni kistari.

Kwenye solfa, kistari kati ya nukta mbili kinamaanisha sauti inaendelea. Nafasi tupu inamaanisha kimya. Sasa chukua karatasi iliyochapwa kwa taipureta juu ya stensili mwaka 1981, ikadurufiwa nakala mia, ikakunjwa mfukoni, ikalowa mvua ya masika. Kistari kimekwenda wapi? Mbele yako kuna nafasi nyeupe kati ya nukta mbili, na hujui kama ni kimya alichokitaka mtunzi au ni kistari kilichokufa. Mwanakwaya hahitaji kujua, maana wimbo yuko nao moyoni. Mchapaji lazima ajue. Kipimo kipya, yaani sehemu iliyo kati ya mstari wa wima na mwingine, kwenye MuseScore huja kikiwa kimejaa kimya kitupu, alama moja ya kimya kwa kipimo kizima. Ukiandika nota ya pigo moja mwanzoni mwa kipimo cha mapigo manne, programu inakibana kile kimya kilichobaki na kukigawa upya: kimya cha pigo moja, kisha kimya cha mapigo mawili. Usipokijaza, kimya kinabaki, na kitachapwa, na kwaya ya mbali isiyomjua Mwalimu itanyamaza hapo kwa utii.

Kuna wimbo wake wa matoleo ambao sauti ya nne ina nafasi nyeupe za namna hiyo katika kila kipimo cha tatu. Nilizichukua zote kuwa ni vistari vilivyofifia, nikazivuta nota za besi ziwe ndefu. Ilisikika vizuri, nzito, kama kinanda cha kanisani. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho.

"Besi wangu wanapumua wapi?"

Nikamwambia sioni alama ya pumzi.

"Hapo penye weupe. Nilikuwa na besi watatu tu, wote wavuvi, wamekesha ziwani. Niliwaachia pigo moja wapumue, na hapo ngoma inaingia."

Kwa hiyo zilikuwa kimya kweli, na ngoma ilikuwa imeandikwa ndani ya weupe. Nilirudi nikafuta kila nota ndefu. Tangu siku hiyo sijazi nafasi nyeupe bila kuuliza, na ambapo Mwalimu hakumbuki, naacha kimya na kuweka kialama juu yake ili anayepiga ngoma ajue pana mlango.

Niingie sasa kwenye mapigo, sehemu iliyotuchukulia Jumamosi tatu mfululizo kwa wimbo mmoja.

Karatasi ilikuwa na mapigo matatu kati ya mstari na mstari, mistari yote ya urefu sawa. Nikaona ni tatu kwa nne, yaani mapigo matatu kwa kila kipimo, nikaiweka hivyo, kila herufi ikawa nota ya pigo moja. Kompyuta ilipoimba, ikatoka kitu cha ukumbini, cha watu wanaozunguka wameshikana mikono na viatu vinang'aa. Mwalimu alitikisa kichwa. Nikaongeza kasi. Akatikisa tena. Nikamwuliza swali la kitabuni: Mwalimu, hii ni tatu kwa nne au sita kwa nane? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa uzito wa harufu.

Halafu akasimama. Akashika nguzo ya kibaraza kwa mkono mmoja, akaanza kuimba taratibu, na miguu yake ikatembea: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama wanavyotembea wanakwaya wakiingia kanisani na vipaji. Kwa kila hatua aliimba herufi tatu. Mguu wa kulia ulikuwa mzito kidogo kuliko wa kushoto.

Hapo jibu likaja lenyewe. Hatua mbili kwa kipimo, kila hatua ikibeba nota tatu fupi. Sita kwa nane. Vipimo viwili vyangu vilikuwa kipimo kimoja chake. Waandishi waangalifu wa solfa huweka mstari mfupi katikati ya kipimo cha namna hiyo na mrefu mwishoni, lakini taipureta ya kigango ilikuwa na mstari wa aina moja tu. Nilizikata nota zote na kuzibandika upya kwa amri ile inayofanya kila nota iwe nusu ya urefu wake, pigo likawa nusu pigo, vipimo 64 vikawa 32. Programu ikazifunga nota fupi tatutatu kwa ubao mmoja juu, na kwa macho tu mtu aweza kuona miguu.

Kilichonishangaza zaidi ni maneno. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mmoja wetu anajua bila kufundishwa kwamba ukiuhamisha mkazo unaweza kuhamisha maana. Barabara ya kupita magari na kufanya jambo barabara ni herufi zilezile. Kinachozitenga ni mkazo. Wimbo ulipokuwa kwenye tatu kwa nne yangu, kila kipimo kilikuwa na uzito wake, na uzito huo ulikuwa unaangukia hata silabi zisizostahili. Ulipohamia sita kwa nane, silabi za mkazo zilikaa chini ya mguu wa kulia karibu zote. Mwalimu alikuwa ameutunga wimbo kwa mdomo wa Mswahili. Mimi ndiye niliyeuvika lafudhi ya kigeni, kwa sababu ya kosa la namba mbili mwanzoni mwa mstari. Nimewahi kuziimba tenzi za kutafsiriwa ambazo mkazo unaanguka pabaya toka mwanzo hadi mwisho, na siku hiyo nilielewa ni kwa nini siku zote zilinichosha koo.

Kuhusu sauti nne nitasema kifupi, ila nitasema kwa sababu kosa hili naliona kila mahali, hata kwenye nakala zinazosambazwa mitandaoni kwa maelfu. Kwaya nyingi huandikwa kwa mistari mitano mara mbili: sauti ya kwanza na ya pili juu, ya tatu na ya nne chini. Mchapaji mwenye haraka anaandika nota ya alto, kisha anaiongezea ya soprano juu yake kwa kushika Shift na herufi, zikaning'inia pamoja kwenye kijiti kimoja. Kwa macho inapendeza. Lakini kwa programu, hizo si sauti mbili, ni mtu mmoja anayeimba nota mbili. Siku alto anaposhikilia na soprano anatembea, huna pa kuandika. Siku unapotaka kumtumia alto sauti yake peke yake, haitoki safi. Njia sahihi ni kuingia kwenye sauti ya pili kwa Ctrl, Alt na 2, uandike alto yote kuanzia mwanzo, vijiti vyake vikielekea chini na vya soprano vikielekea juu. Ni mara mbili ya kazi. Lakini alto ni mtu kamili, ana safari yake toka mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na ukimwandika peke yake ndipo unapoona kama mtunzi alimpa wimbo au alimpa makombo. Alto wa Mwalimu wana wimbo. Niliimba sauti ya pili miaka 11 chini ya mkono wake, na sikuujua uzuri wa njia tuliyokuwa tunapitishwa mpaka nilipoichapa.

Maneno ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Unasimama kwenye nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl na L, unaandika silabi. Kistari kinakupeleka kwenye nota inayofuata ndani ya neno lilelile. Nafasi inakupeleka kwenye neno jipya. Mstari wa chini unavuta irabu iendelee juu ya nota nyingi. Hakuna zaidi ya hapo, na bado ndani ya hayo matatu Kiswahili chote kinapita.

Silabi zetu huishia na irabu. Kwa hiyo ni Mu-ngu, wala si Mun-gu. Ni mbi-ngu-ni, wala si mbin-gu-ni. Naona nakala nyingi zilizokatwa kwa desturi ya lugha nyingine, n ikibaki nyuma, na matokeo yake yanasikika: waimbaji wanafunga kinywa kwenye n wakati bado wana mapigo mawili ya kushikilia, sauti inaingia puani, irabu inakufa. Ukiandika Mu-ngu, wanabaki wazi kwenye u mpaka mwisho kabisa, na ng inafungua silabi inayofuata. Mwalimu hakuwahi kutufundisha kanuni hiyo kwa maneno. Alikuwa anafungua mdomo wake mbele yetu nasi tukafungua yetu.

Halafu kuna ile m inayosimama peke yake. M-to-to ni silabi tatu, na m ina haki ya nota yake. N-chi ni mbili. Lakini mbi-li ni mbili tu, maana m yake imeegemea b. Mgeni hawezi kuzitenga kwa macho. Mtu aliyekua na mashairi anazitenga kwa sikio, kwa sababu ndivyo tunavyohesabu mizani. Na hapa Mwalimu alinifungulia siri ya beti zake. Kwenye wimbo wowote wenye beti tano au sita, mchapaji huteseka na ubeti wa tatu wenye silabi moja zaidi: inabidi aipasue nota, aweke upinde wa vitone kwa beti nyingine, ukurasa unajaa alama. Kwenye nyimbo za Mwalimu sikukutana na tatizo hilo hata mara moja. Nabonyeza Enter kushuka kwenye mstari wa ubeti unaofuata, naandika, na silabi zinaisha palepale nota zinapoishia. Nilimwuliza.

"Baba yangu alikuwa anatunga mashairi," akasema. "Nane na nane. Ukikosea mizani hakupigi, anakaa kimya tu mpaka uone haya. Mimi nimetunga nyimbo kwa kuogopa kimya kile."

Zipo sehemu ambapo irabu mbili zinakutana kwenye nota moja, kama "kwa imani" ikiimbwa kwa nota tatu, "kwa" na "i" zikiwa pumzi moja. Hapo nashika Ctrl na kubonyeza nafasi, ili nafasi ibaki ndani ya silabi bila kurukia nota nyingine. Ni kitufe kimoja cha kuongeza, nacho kinamwokoa mwimbaji kukatiza neno.

Tukishamaliza wimbo, nautoa kwa vipande vya sauti nne, kila sauti peke yake na nyingine zikiwa chini, na kuvituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya. Vijana wanavisikiliza kwenye daladala, wanafika mazoezini wakijua nota. Nashukuru kwa hilo. Ila nimewaomba walimu wa kwaya wavifute vipande hivyo wimbo ukishashika, maana kompyuta haivuti pumzi na haimsubiri mtu. Inafika mwisho wa mstari na kuingia mstari unaofuata papo hapo, na vijana wameanza kuimba hivyohivyo, bila pumzi, kana kwamba kuchelewa robo ya pigo kwa ajili ya kujaza kifua ni kosa. Sasa naweka alama ya pumzi kila Mwalimu anapopumua akiimba. Nimeziweka zote, hata zile ambazo mtu yeyote angezijua.

Jumamosi iliyopita tulimwamsha wa 19. Ni wimbo wa jioni, mfupi, wa sauti nne bila ala. Karatasi yake ililiwa na mchwa kwenye kona ya chini, na kipimo cha mwisho cha sauti ya pili hakipo kabisa. Soprano wanaishia do, sauti ya tatu wanaishia so, besi wanaishia do ya chini. Mtu yeyote aliyesoma muziki kidogo angeijaza mi na kuendelea. Nami nilikuwa nimeshabonyeza 7, urefu wa mapigo manne, na kidole kilikuwa juu ya E.

"Usiweke," Mwalimu akasema. "Sikumbuki niliwapa nini. Mpigie mama aliyekuwa anasimama pale mwisho, karibu na dirisha. Yeye anakumbuka."

Nikampigia. Mama huyo ameimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa, sasa anaishi Sengerema kwa binti yake. Nikamwamkia, nikamweleza, nikaweka simu kwenye spika. Akaomba nimpe do. Nikabonyeza C kwenye kompyuta. Akajisafisha koo, na sauti ikaja, nyembamba lakini imesimama: aliingia na re, akakaa nayo huku Mwalimu akinung'unika do ya besi chini yake, zikasuguana, halafu re ikainama ikawa mi. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

Nikaandika. Namba 6, D, kisha namba 6, E. Mapigo mawili na mapigo mawili, kipimo kikajaa.

"Mama," nikauliza, "hiyo ya mwisho mlikuwa mnaishikilia mapigo mangapi?"

"Mapigo?" akasema. "Mwanangu, tulikuwa tunashikilia mpaka Mwalimu ashushe mkono."

Nikaichagua ile nota, nikaweka juu yake upinde wenye nukta chini, alama ya kushikilia, katika sauti zote nne.